Mtu Mzima wa Nyumbani

Profesa alipomaliza ngazi za ghorofa ya tatu, mfuko wa mboga mkononi na mkoba wa vitabu begani, alimkuta kijana mwembamba mwenye koti la mvua amesimama mbele ya mlango wake, anaongea na mlango. Mlango nao ulikuwa ukimjibu, kwa sauti ya mtoto wa kike. Ulikuwa ukimweleza kwa adabu zote kwamba wageni wasiojulikana hawafunguliwi, kwamba Bibi ndiye aliyekataza, na kwamba kama ana shida na Bibi mwenyewe basi asubiri kidogo, maana Bibi kwa sasa anamsimamia mdogo mtu amalize chakula.

"Kwa hiyo bibi yenu yupo ndani?" kijana aliuliza.

"Yupo. Yupo mezani."

Profesa hakushtushwa na koti wala na viatu vya kazi. Alishtushwa na kadi iliyoning'inia shingoni mwa yule kijana kwa kamba ya kijani. Kadi kama ile, yenye kamba kama ile, ilikuwa ndani ya mkoba wake mwenyewe. Tofauti ni kwamba yake iliandikwa "mwanafunzi".

Jina la Profesa alipachikwa na mumewe, kwa utani, siku chuo cha ng'ambo kilipomkubali kusomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, nalo likamganda. Sasa walikuwa huku mwaka wa pili, yeye, mumewe na watoto wawili. Siku nyingine alikaa darasani, siku nyingine alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya idara upande wa pili wa mji, akijifunza kazi ileile iliyomleta huyu kijana mlangoni kwake: kubisha hodi kwenye nyumba za watu na kutazama watoto wanaishije.

Alijitambulisha kuwa ndiye mama wa watoto. Afisa akaomba radhi kwa kuja bila taarifa, akasema shule imepeleka habari. Profesa akafungua mlango.

Kilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye jiko pembeni, na chumba kidogo cha kulala nyuma yake. Kwenye kamba iliyokatiza dirishani zilianikwa soksi. Mezani alikaa Kifungo, mvulana wa miaka minne, shavu moja limevimba kwa chakula alichokataa kumeza. Mbele yake simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na ndani ya simu alikuwemo Bibi: kidevu, matundu ya pua, na nyuma yake dari ya nyumba iliyokuwa mbali sana na hapo.

"Hiyo karoti uliyoificha shavuni naiona," Bibi alikuwa akisema. "Usidhani miwani yangu ni ya urembo. Meza."

Kifungo akameza. Afisa alitazama huku na kule, akatazama chumba cha nyuma, akarudi.

"Na bibi?" aliuliza.

Dada, binti wa miaka tisa aliyekuwa ameulinda mlango, akanyoosha kidole kwenye kopo la sukari.

*

Mambo yalikuwa hivi. Mume wa Profesa, ambaye kwao alikuwa fundi wa redio na majokofu na kila mtu alimwita Fundi, huku alipata kazi ya kufua mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Zamu yake ilimtoa nyumbani mara tu watoto waliporudi shule, na mkewe alikuwa bado njiani. Kati ya kutoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine palibaki pengo, kama saa moja hivi, siku za foleni likazidi. Pengo hilo walilijaza na Bibi, mama yake Fundi. Simu ilipigwa Fundi akiwa anavaa viatu, ikakatwa Profesa akiwa anavua vyake. Katikati hapo Bibi alilea. Alisimamia chakula na kazi za shule, aliamua magomvi, na alijua nani kapaka rangi ukutani hata kabla rangi haijakauka.

Haikuwapitia akilini kwamba wanafanya kosa. Walikokulia wao, sauti ya mtu mzima ilitosha kulea. Jirani alikuita kutoka nyuma ya ukuta, ukaitika, basi umeangaliwa. Bahari nayo, walijiambia, ni ukuta tu uliozidi unene.

Mwalimu wa Dada aliulizia nani hukaa nao, akajibiwa ni Bibi. Akafurahi. Akamwalika Bibi shuleni, Bibi hakufika. Akamwalika tena, Dada akasema Bibi hawezi kupanda basi. Mwalimu akadhani ni mgonjwa, akauliza analala chumba gani. Dada hakuwa mtoto wa kudanganya. Alisema Bibi yupo kwenye simu.

Afisa alifanya kazi yake vizuri, na hilo ndilo lililouma. Alifungua jokofu, akalifunga. Aliuliza watoto wanalala wapi, dawa zinawekwa wapi, jiko linazimwaje. Kila swali Profesa alilijua kabla halijatoka, maana somo hilo alilifaulu kwa alama za juu na mwalimu wao alimsifu mbele ya darasa. Alijua hata kwa nini afisa anauliza kwa sauti ya chini: kitabu kinashauri hivyo, ili mzazi asijione anahukumiwa. Alijiona anahukumiwa kwa sauti ya chini.

Bibi akataka kujua huyo ni nani anayefungua friji la watu bila kuonyeshwa. Profesa akamweleza. Bibi akasogeza uso kwenye kioo cha simu mpaka likabaki jicho moja.

"Mkwe wangu, mwambie hivi. Nimelea watoto saba na hakuna aliyekuja kunihesabia vijiko. Hao wawili nawaona vizuri kuliko yeye, maana yeye anaangalia friji, mimi naangalia watoto."

Profesa akageuka kwa afisa, akatabasamu. "Mama anasema anashukuru kwa kututembelea."

"Bibi hakusema hivyo," Dada akasema.

Alisema bila ubaya wowote, kama anavyosahihisha hesabu. Afisa akamtazama mama, akamtazama mtoto, akamwuliza mtoto Bibi amesema nini hasa. Dada akatafsiri yote, vijiko na friji, akamalizia na nyongeza ambayo Bibi aliitoa mama mtu akiwa anatafuta pa kuficha uso: anauliza pia kama umeoa, maana umekonda.

Afisa akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kopo la sukari kama mtu aliyekaribishwa. Akamwomba Dada amtafsirie Bibi swali moja. Kama sufuria ikishika moto, na mama bado yuko njiani, yeye Bibi atafanya nini?

Dada akatafsiri. Jicho likarudi nyuma, ukaonekana uso mzima, na kwa mara ya kwanza Profesa akaona kwamba mama mkwe wake amezeeka.

"Nitapiga kelele," Bibi akasema.

Dada akamgeukia afisa. "Atapiga kelele," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

*

Mlangoni Profesa alitoa kadi yake kwenye mkoba na kumwonyesha. Heri aione kwake kuliko aikute kwenye karatasi za ofisi. Kijana akaisoma, akarudi kuisoma tena, na uso wake ukajaa aibu kama yeye ndiye aliyekamatwa.

Alimweleza kanuni, ingawa wote wawili waliijua. Mwanafunzi ambaye nyumba yake inachunguzwa husimamishwa mafunzo. Faili likifunguliwa, hata likifungwa kesho yake, muhula huo hauhesabiwi. Ila faili halijafunguliwa bado. Atarudi wiki ijayo kukamilisha. Akikuta kwamba siku zote palikuwa na mtu mzima, pengine jirani, pengine rafiki, ambaye mtoto kwa utoto wake alisahau kumtaja, basi itakuwa shule ilielewa vibaya na mambo yataishia hapo. Aliyasema hayo akiangalia viatu vyake. Kisha akashuka ngazi.

Asubuhi, Fundi akiwa anapaka siagi mkate wa watoto, mkewe alimweleza yote. Alisikiliza bila kukatiza, na alipokwisha kusikiliza alisema kijana wa watu amewafungulia mlango wa nyuma, kilichobaki ni wao kupita. Yule bibi wa chini, Mama Paka, anakaa peke yake. Wamwombe awe anapanda. Na akiulizwa, aseme alikuwa akipanda tangu zamani.

Profesa akasema kumwomba apande ni sawa, na walipaswa kufanya hivyo mapema. Hilo la pili hapana.

"Nisikilize, Profesa." Fundi akaweka kisu chini. "Kwetu watu wazima walisimama nje ya kibanda changu kunisubiri. Huku msimamizi ananiita 'wewe wa mashuka'. Mwaka wa pili sasa, hajui jina langu. Sijalalamika, nimelalamika?"

"Hujalalamika."

"Kwa sababu nilijua lina mwisho. Umalize muhula huu, uvae hilo joho, turudi. Sikuombi uibe. Nakuomba unyamaze tu mtu mwingine akisema."

Mume wake hakuwa mwongo. Alikuwa amechoka.

Njiani kwenda shule Dada alitembea mkono mmoja umeshika wa mdogo wake. Karibu na lango akauliza kama afisa atarudi. Mama akasema atarudi. Dada akauliza aseme nini, maana amemsikia baba jikoni, na tena yeye ndiye aliyeharibu kwa kumwambia mwalimu.

Profesa akachutama pale pale njiani, watu wakawapita pembeni. Kabla ya kuja kusoma alifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya ustawi yenye kiti kimoja cha wageni, na kila siku wazazi walikaa kwenye kiti hicho wakamdanganya. Walimwambia mtoto anasoma na kumbe anauza karanga, baba yupo safarini na kumbe amekimbia. Hakuwachukia. Alichotaka kuja kujifunza, ingawa kwenye maombi ya chuo alikiandika kwa maneno marefu, ni jinsi ya kuwa afisa ambaye watu hawana haja ya kumdanganya. Mpaka jana hakuwahi kukaa yeye kwenye kile kiti.

"Hukuharibu kitu," alimwambia binti yake. "Na akirudi hutasema uongo. Hutaambiwa useme. Nakuahidi."

"Hata nikiulizwa mbele ya baba?"

"Hata mbele ya baba."

Dada akafikiri, akaridhika, akamvuta mdogo wake langoni.

*

Urafiki wao wote na Mama Paka, mpaka siku hiyo, ulikuwa wa fimbo ya ufagio. Watoto wakikimbia, yeye aligonga dari yake kutoka chini, watoto wakatulia. Alikuwa mjane, mkata tiketi mstaafu wa kituo cha treni, na paka wake walizidi viti vyake. Profesa alisimamishwa kwenye zulia la mlangoni. Aliomba radhi kwa makelele ya mwaka mzima, ndipo akaomba alichojia, na alipomaliza, shingo ilikuwa inawaka moto.

Mama Paka alimpima kwa macho kama tiketi anayoitilia shaka. Akasema hao watoto anawajua kwa visigino: mkubwa anatembea kama karani, mdogo anaruka kama chura. Akasema malipo hataki. Anachotaka ni kiti chenye mgongo, kwa sababu kiuno chake si cha kukalia stuli.

"Tena nikiwa juu kwenu," aliongeza, "angalau kelele hazitakuwa juu yangu."

Alianza siku hiyo hiyo. Bibi naye hakukatwa kwenye simu, maana alikuwa amesema kama ameachishwa kazi aambiwe wazi. Wazee wawili wakawa wanakaa mezani, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye kopo la sukari, bila lugha moja ya kusemezana, Dada katikati akitafsiri. Waligombana juu ya soksi za Kifungo, kama zivuliwe ndani au zisivuliwe. Waligombana juu ya chai. Siku ya tatu wakapatana kwamba mtoto hali vya kutosha, na tangu hapo Kifungo hakuwa na pa kukimbilia.

Fundi alishuka siku moja kutengeneza jokofu la Mama Paka lililokuwa likinguruma kama trekta. Alilitengeneza likanyamaza. Alipopanda alimwambia mkewe kwamba mama wa watu ameelewa, na ni yeye mwenyewe aliyesema: mimi ni mzee, nani atanihoji? Profesa akamwambia asimamishe jambo hilo. Fundi akasema limekwisha simama, sasa ni la kuliangusha tu, na kama anataka kuliangusha aliangushe yeye kwa mikono yake.

Siku zile zilizobaki Profesa alikwenda kwenye mafunzo, akaketi kwenye vikao, akaandika ripoti za nyumba za watu. Sentensi zake zikawa fupi. Palipokuwa na "mzazi anaficha" akafuta, akaandika "mzazi anaogopa". Msimamizi wake alimwambia anaandika vizuri siku hizi. Alisema asante, na akajua kwamba akitaka, anaweza kuendelea kuandika hivyo bila kukatizwa mpaka siku ya joho. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Alimpikia nalo mumewe chai, mumewe akainywa bila kumtazama.

*

Afisa alirudi kama alivyosema, safari hii bila koti la mvua. Fundi alikuwa bado hajatoka, amekwisha kuvaa sare ya dobi, amesimama karibu na dirisha. Mama Paka alikuwa kitini, paka mmoja pajani. Bibi alikuwa mahali pake. Alimsalimia afisa kwa jina alilompa yeye, Mkonda, na Dada akatafsiri salamu akaacha jina, kwa ruhusa ya Bibi.

Mambo yakaenda upesi. Afisa aliona kiti, akaona ratiba iliyobandikwa ukutani, akamwona Kifungo akimletea Mama Paka kiatu afungwe kamba bila kuambiwa. Uso wake ulilegea. Mtu aliyekuja na matumaini huonekana. Akatoa kalamu, akamgeukia Mama Paka, akauliza kwa sauti ya kumalizia kazi: amekuwa akikaa na watoto hawa tangu lini?

"Tangu mwaka unaanza," Mama Paka akasema, akimkuna paka shingoni. "Karibu kila siku. Watoto wazuri. Wana makelele."

Fundi alitazama nje. Afisa akaandika kidogo, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia Dada, kwa sababu kanuni inataka mtoto naye aulizwe.

"Na wewe unasemaje, ni kweli? Mama huyu alikuwa hapa tangu mwaka unaanza?"

Dada aligeuka. Hakumtazama baba yake. Alimtazama mama.

"Usimuulize yeye," Profesa akasema. "Niulize mimi."

Kalamu ikasimama.

"Mama huyu ameanza kuja wiki iliyopita, baada ya wewe kuja. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu. Palikuwa na mama mkwe wangu kwenye simu, na sisi tuliona inatosha. Haikutosha. Jirani amesema vile kwa kutuonea huruma. Usimwandike vibaya."

Kilichosikika ni injini ya gari lililokuwa likinguruma barabarani, na paka. Afisa alitazama alichoandika. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshikilia mlango kwa muda mrefu, na aliyemshikilia amekataa kupita.

"Unajua maana yake," alisema.

"Najua. Muhula hauhesabiwi."

"Nitalazimika kulifungua."

"Lifungue."

Akakata mstari mmoja, akaandika mingine chini yake. Alisema, akiandika, kwamba upande wa watoto hana wasiwasi: sasa yupo mtu mzima, wazazi wamekiri na wamerekebisha, atapendekeza faili lifungwe. Upande wa chuo hana uwezo. Mafunzo yatasimama leo, na yataanza upya muhula ujao, mwanzo kabisa. Kisha akaweka kalamu mfukoni na kusema jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote alichosoma Profesa. Alisema tangu aanze kazi hii hajawahi kuambiwa ukweli bila kuutafuta, na hakujua afanye uso gani.

"Basi mimi nimekuwa mwongo bure," Mama Paka akasema. Hakuonekana kuumia sana. Alimwinua paka, akamhamishia goti la pili.

Kwenye kopo la sukari Bibi alitaka kuelezwa. Dada akamweleza yote, neno kwa neno, na Bibi akamwita mkwewe kwa jina lake la nyumbani, ambalo hakuwa amelitumia tangu siku ya ndoa. Baada ya hapo akamwuliza Kifungo kama amekula.

Afisa aliaga. Dada alimfungulia mlango, akaufunga nyuma yake, akabaki ameuegemea.

"Mama, ni kwa sababu yangu?"

"Hapana. Ni kwa sababu niliahidi, na nilijua bei yake."

Fundi alikuwa bado dirishani. Sasa mkewe alilazimika kumtazama, na alimwogopa kuliko alivyomwogopa afisa. Fundi alichukua kofia yake ya kazi, akaigeuza geuza mikononi kama anayetafuta palipoharibika, akakosa. Muda wa zamu ulikuwa umefika. Alipita mezani, akampapasa Kifungo kichwa, akasimama mbele ya Profesa, na hakusema kwamba amekubali wala kwamba amesamehe.

"Muhula mmoja," alisema.

"Mmoja."

Akavaa kofia. Mlangoni Dada alimpisha, naye akageuka.

"Hospitali haitaisha mashuka," alisema. "Wewe soma."

Na wakamsikia akishuka ngazi, upesi kidogo, maana alikuwa amechelewa.